Nyumba ya Nyasi ya Kasubi

Mji wa Kampala, makao makuu ya Uganda, umekaa juu ya vilima, na takriban kila kilima mashuhuri kina shughuli yake. Juu ya Namirembe pana kanisa kuu la Waanglikana, juu ya Rubaga pana kanisa kuu la Wakatoliki, Kibuli pana msikiti unaoonekana kutoka mbali, na Mengo ndiko liliko kasri la Kabaka, mfalme wa Waganda. Kilima cha Kasubi kiko kilometa tano hivi kutoka katikati ya mji. Anayekipanda hupita kwanza katika mji kama miji mingine: maduka ya bati, gereji, wauza ndizi, na pikipiki za abiria zinazopishana kwa kelele. Kisha ghafula hufika penye uzio wa matete, na nyuma ya matete hayo mji hausikiki tena sana. Hapo ndipo walipozikwa wafalme wanne wa mwisho wa Buganda kufariki dunia, na hapo ndipo ilipo nyumba kubwa ya nyasi ambayo habari zake zastahili kujulikana na kila anayejali namna Waafrika wanavyojenga.

Eneo lote, ambalo Waganda huliita amasiro, lina ukubwa wa karibu hekta thelathini. Mlangoni pana nyumba ya walinzi iitwayo Bujjabukula, nayo imeezekwa kwa nyasi. Anayepita humo hukuta ua mdogo wenye Ndoga-Obukaba, nyumba ya ngoma za kifalme, kisha huingia katika kiwanja kikubwa cha mviringo. Kukizunguka kiwanja hicho zimepangwa nyumba ndogo ndogo, nyingi zikiwa za wanawake wanaoshika nafasi za wake wa wafalme waliozikwa hapo. Na mbele kabisa, ikimkabili mgeni, imesimama nyumba yenyewe, Muzibu-Azaala-Mpanga.

Kwa mbali mtu huidhania kuwa kichuguu kikubwa kilichochanwa kwa kitana. Kwa nje upana wake ni mita thelathini na moja, na kimo chake ni mita saba na nusu. Ukuta wake hauonekani, kwa kuwa nyasi za paa hushuka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, zikiacha nafasi ya mlango tu, iliyopindwa kama upinde. Aingiaye huvua viatu, hukaa chini juu ya mikeka, na huzungumza kwa sauti ya chini. Akiinua macho huona kwamba paa halina dari. Limebebwa na pete kubwa za matete na majani yaliyofungwa pamoja, zikianza na pete ndogo kileleni na kuongezeka ukubwa kadiri zinavyoshuka. Pete hizo ni hamsini na mbili, na kila moja inasimama badala ya ukoo mmoja wa Buganda. Mwanafunzi wa useremala atasema kwamba pete ndizo zinazozuia paa lisitanuke na kuporomoka. Mzee wa Kiganda atasema kwamba koo ndizo zinazoubeba ufalme. Wote wawili watakuwa wamesema kweli, na katika nyumba hii maneno yao ni jambo moja.

Nyuma kabisa hutundikwa pazia la nguo ya magome ya mti, rangi yake kama udongo mwekundu. Nyuma ya pazia hilo ni mahali paitwapo Kibira, yaani msitu. Humo ndimo yalimo makaburi. Mgeni haingii. Kwa desturi ya Waganda, haisemwi kwamba Kabaka amekufa. Husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika, kwa sababu langoni pa kasri lake huwaka moto muda wote anapotawala, nao huzimwa siku anapoondoka. Naye huwa ameingia msituni.

Nyumba hiyo haikujengwa kuwa kaburi. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe kasri lake, penye kilima ambacho baba yake, Suuna wa Pili, alikuwa amejenga kabla yake. Mutesa huyu ndiye aliyewapokea wageni wengi waliofika Buganda katika karne ya kumi na tisa, na msomaji wa lugha hii atapendezwa kukumbuka kwamba alikijua Kiswahili na Kiarabu, alivyojifunza kwa wafanyabiashara waliotoka Unguja na pwani. Alifariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Zamani kila Kabaka alikuwa na kaburi lake mbali na la mwenzake. Suuna, kwa mfano, yuko Wamala. Lakini baada ya Mutesa mambo yalibadilika. Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, alirudishwa mwaka 1910 akalazwa karibu na baba yake. Daudi Chwa wa Pili alifuata mwaka 1939. Edward Mutesa wa Pili, aliyefariki London mwaka 1969 akiwa mkimbizi, alirudishwa nyumbani mwaka 1971. Wawili kati ya wanne hao walifia ugenini, na nyumba ya nyasi ikawapokea.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni nani anayeijenga nyumba hiyo. Kwingineko mwenye fedha humwita fundi yeyote, hupatana naye bei, na kazi ikiisha huagana. Kasubi hakuna fundi yeyote. Kuezeka ni kazi ya wanaume wa ukoo wa Ngeye, ambao mwiko wao ni mbega. Wao ndio wanaojua nyasi zipi zichumwe, namna ya kuzifunga matita, namna ya kuanza chini na kupanda juu safu kwa safu, na namna ya kuzipiga mpaka zilale sawa. Mwana wa Ngeye hujifunza kwa kukaa karibu na baba aliye juu ya paa, akipokeza matita. Kupamba pete na nguzo ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Nguo za magome hutoka kwa ukoo wa Ngonge, wenye fisi maji kuwa mwiko wao. Fundi wa magome huubambua mti wa mutuba wakati wa mvua, huyapiga magome kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka yatanuke na kulainika kama kitambaa, kisha huyaanika juani yageuke rangi. Mti haufi, hufunikwa kwa majani ya mgomba mahali ulipobambuliwa, na mwaka mwingine hutoa tena. Ufundi huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu.

Kazi ya kuezeka ina miiko yake pia. Waezekaji hutakiwa kujitenga na wake zao muda wote wa kazi, na wanawake hawaruhusiwi kuingia ndani ya nyumba inapoezekwa wala kukaribia vifaa. Wasomaji wa kike watakuwa na lao la kusema juu ya hilo, na wana haki. Hata hivyo haifai kudhani kwamba Kasubi ni mahali pa wanaume. Mlezi mkuu wa makaburi ni binti wa kifalme mwenye cheo cha Nalinya, na utunzaji wa kila siku umo mikononi mwa wanawake wa zile nyumba ndogo, wanaopokezana zamu ya kukaa ndani kando ya pazia. Wengi wao hukaa wakisuka mikeka na vikapu. Ikiwa wanaume huijenga nyumba mara moja kwa miaka mingi, wanawake huiweka hai kila asubuhi, nayo ni kazi isiyopungua ile ya kwanza.

Ardhi iliyo nyuma ya nyumba ni sehemu ya jengo, ingawa mgeni mwenye haraka huipita bila kuitazama. Humo mna migomba na mashamba ya wale wanaotunza makaburi, miti ya mutuba inayotoa magome, mimea ya dawa, na makaburi ya wana wa kifalme. Mtu aliyewahi kuziona nyumba za msonge za Wahaya kule Kagera, ng'ambo ya mpaka, ataelewa upesi: msonge bila mgomba wake ni kama chungu bila jiko. Anayetaka kuihifadhi nyumba kama hii na kuiuza bustani yake ataikuta nyumba imebaki picha.

Wako wanaosema kwamba urithi ni kitu kisichobadilika, na kwamba tofali moja la kisasa linatosha kuuharibu. Historia ya Kasubi haikubaliani nao. Mwaka 1938, wakati wa Daudi Chwa, nyumba hii ilifanyiwa matengenezo makubwa, ndipo ilipopata umbo linalojulikana leo. Nguzo za zege, chuma na matofali viliingia ndani ya jengo lililokuwa la miti na matete matupu. Juu yake Ngeye waliezeka kama kawaida, Ngo wakapamba, pazia la magome likatundikwa. Daudi Chwa mwenyewe alilazwa humo mwaka uliofuata. Tangu hapo watu walikaa chini ya paa lile kwa miaka zaidi ya sabini, na haikusikika kwamba zege limeufukuza ufalme. Lililobadilika ni mifupa. Mikono ilibaki ile ile.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1966, majeshi ya serikali yalipolishambulia kasri la Mengo na Mutesa wa Pili akakimbilia Uingereza. Mwaka uliofuata falme zote za Uganda zilifutwa. Kwa miaka ishirini na sita hakukuwa na Kabaka, wala baraza lake. Lakini makaburi yaliendelea kuwako. Mwaka 1972 serikali iliyatangaza rasmi kuwa mahali pa kumbukumbu panapolindwa kwa sheria. Falme za jadi ziliporudishwa mwaka 1993 na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa, Waganda hawakulazimika kuuliza walioijua kazi ya Kasubi wako wapi. Kila ukoo uliijua nafasi yake, kwa sababu kulikuwa na nyumba iliyowakumbusha. Mwaka 2001 UNESCO iliingiza Kasubi katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua.

Nyasi kavu za unene ule zikishika moto hazizimiki kwa ndoo. Kabla ya usiku kupita, paa lenye pete hamsini na mbili, mapambo ya Ngo, mikuki, ngao na vitu vya wafalme, pamoja na chui aliyekaushwa ambaye husimuliwa kuwa alifugwa na Mutesa wa Kwanza, vyote vilikuwa majivu. Zilibaki kuta na nguzo zilizoungua. Watu walimiminika kilimani wakilia kama waliofiwa upya. Kesho yake, Rais wa nchi alipofika kutazama, palitokea vurugu baina ya umati na askari, na watu wasiopungua watatu walipoteza maisha. Tume iliundwa kuchunguza, na maneno mengi yalisemwa juu ya nani aliyewasha moto. Maafisa wa ufalme walitangaza kwamba makaburi yenyewe hayakudhurika. Mwaka huo huo wa 2010 Kasubi iliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ndipo lilipozuka swali ambalo kila mji wa Afrika hukutana nalo siku moja: je, ijengwe upya kwa nyasi zile zile zilizoungua? Palikuwa na mfano karibu. Kanisa kuu la Namirembe, kilima cha jirani, nalo liliwahi kuwa na paa la nyasi, likateketea kwa radi mwaka 1910. Wakristo walijenga jingine kwa matofali na vigae, likamalizika mwaka 1919, na hadi leo linasimama. Hapana aliyelalamika kwamba kanisa limepoteza roho yake. Kwa nini basi Kasubi isifanye vivyo hivyo, ikapata paa la vigae, au hata bati, na kulala salama?

Jibu ni kwamba nyumba hizi mbili hazifanyi kazi moja. Kanisa hujengwa ili watu waingie ndani wasali, na ibada haiulizi kilichoko juu ya vichwa. Kasubi shughuli yenyewe imo katika kuezeka. Ukiweka vigae, Ngeye hana kazi tena. Ngeye akikosa kazi, kijana wake hana la kujifunza. Kisha pete hazihitajiki, Ngo naye huenda zake, na baada ya miaka hamsini wazee watakuwa wanasimulia kwamba hapo zamani koo zilikuwa na wajibu wao. Nyumba ingebaki, tena imara, na ingekuwa imewafukuza wenyewe. Waganda waliamua kurudisha nyasi, na uamuzi huo ulikuwa sahihi, ingawa ulikuwa na gharama zake.

Gharama ya kwanza ilikuwa muda. Wenye haraka walitazamia miaka michache. Ilipita zaidi ya kumi na mitatu. Mifupa ya nyumba iliweza kusimamishwa kwa mkandarasi na mkataba, kwa kuwa zege hupikwa vilevile Kampala na popote. Paa halikuwa hivyo. Waezekaji waliokomaa walikuwa wachache na wengi wao wazee, na ufundi huo haufundishwi kwa majuma sita ya semina. Ilibidi vijana wa Ngeye wapandishwe juu ya paa na kujifunza kwa kukosea, na fundi wa namna hiyo hahimizwi kwa kengele ya ofisi. Magazeti yalinung'unika. Wahandisi walinung'unika. Pengine hata waezekaji walinung'unika.

Gharama ya pili ilikuwa fedha, na hapa wananchi wa kawaida walionekana. Serikali ya Uganda ilichangia, na Japani ilisaidia kupitia UNESCO, hasa katika mambo ya kujikinga na moto. Lakini mwaka 2013 Katikkiro wa Buganda, Charles Peter Mayiga, alianza kuzunguka wilaya kwa wilaya akikusanya michango iliyoitwa Ettoffaali, yaani tofali. Watu walitoa walichonacho, kidogo kidogo, na sehemu ya michango hiyo ilikuwa kwa ajili ya Kasubi. Mwenye duka la sabuni aliyetoa shilingi zake chache aliweza kusema kwamba ana tofali lake katika nyumba ya wafalme. Ni vigumu kupata mkopo wa benki unaofanya kazi hiyo.

Jambo la tatu ni moto wenyewe. Hapana busara katika kurudisha nyasi na kuacha hatari ilivyokuwa. Wataalamu wa Kijapani, ambao nchi yao ina mahekalu mengi ya mbao na uzoefu mrefu wa kuyalinda, walishauriana na walezi wa Kasubi juu ya maji, vifaa vya kuzimia moto, na mafunzo kwa wanaokaa uani. Mwanamke anayelala umbali wa hatua chache kutoka kwenye paa la nyasi ndiye atakayeuona moshi kwanza, si mlinzi aliyeko mjini. Mpango wowote wa usalama usiomhesabu yeye ni karatasi tu.

Mnamo Septemba 2023, katika mkutano uliofanyika Riyadh, Kamati ya Urithi wa Dunia iliiondoa Kasubi katika orodha ya hatari. Pete hamsini na mbili ziko mahali pake. Ndani hamna tena vitu vilivyoungua, na havitarudi. Chui wa Mutesa hawezi kuezekwa upya. Mwenye kuijua nyumba ya zamani atatambua pia kwamba nyasi ni mpya, hazijashika ule weusi wa miaka.

Kazi haikuishia hapo, kwani paa la nyasi halimaliziki. Mvua hulioza polepole, wadudu hulila, na sehemu moja ikidhoofika hubanduliwa ikapachikwa nyingine. Kampala nayo inazidi kutanuka. Nyumba za kupanga zimeufikia uzio wa matete pande zote, na nyasi za kuezekea hazioti tena kwenye viwanja vya mji. Lazima ziletwe kutoka vijijini kwa lori. Kijana wa Ngeye anayetakiwa kuacha kibarua chake mjini ili apande juu ya paa miezi kadhaa huwa na watoto wanaosubiri karo. Haya ndiyo mambo yanayozungumzwa sasa uani Kasubi, chini ya miti ya mutuba, na wazee wa koo wakikutana huyaanza hayo kabla ya mengine: nyasi zitatoka wapi msimu ujao, na nani atakayezifunga.